Si ni Chapati Tu?

Kuna neno moja dogo ambalo Wakenya tunalitumia kila siku na limeharibia watu wengi pesa na heshima. Lina herufi mbili. Ni "tu".

Si ni chapati tu. Si ni kufua tu. Si ni kuita watu tu kwa stage. Si ni kushika simu na kuongea tu. Wewe si uanze tu kabiashara.

Likisikilizwa vizuri, hilo neno halitoki mdomoni mwa mtu anayefanya hiyo kazi. Hujawahi kusikia mama wa kibanda akisema "hizi ni chapati tu" saa kumi na moja asubuhi, mikono ikiwa ndani ya beseni la unga. "Tu" husemwa na mtu aliyekaa akingoja kuletewa.

Msimamo wangu ni huu: vitu vingi vinavyoonekana rahisi ni vigumu, ila kuna mtu amevifanya mara nyingi mpaka ugumu wake hauonekani. Sisi tunaangalia, hatuoni ugumu, halafu tunakadiria bei kwa macho. Hapo ndipo mtu anaumizwa. Na usifikirie ni mama wa chapati peke yake. Hata wewe hilo neno linakuumiza, nitakuonyesha vile.

Tuanze na chapo

Unga wa ngano, maji, chumvi, mafuta. Vitu vinne. Hata mtoto wa darasa la nne atavitaja.

Sasa ingia jikoni. Maji yakizidi kidogo unga unakuwa gundi, unakushika vidole mpaka ndani ya kucha. Yakipungua, unapata chapati ya kuzibia dirisha. Na usiniulize vikombe vingapi, kwa sababu unga wa pakiti moja haunywi maji sawa na wa pakiti nyingine. Anayejua anajua kwa mkono.

Halafu unakanda, na si kukanda kwa dakika mbili ukiangalia simu. Unga wa ngano ukikutana na maji unatengeneza kitu kinaitwa glutini, kama nyuzi zinazovutika, na kukanda ndiko kunazipa nguvu. Ukimaliza lazima uuache upumzike hizo nyuzi zilegee, la sivyo kila ukisukuma chapati inarudi ndogo kama raba. Kisha unasukuma, unapaka mafuta, unakunja, unazungusha kama konokono, unasukuma tena. Hapo ndipo matabaka hutoka. Ukiruka hiyo hatua, umepika bati la duara.

Bado moto. Kikaango kikiwa baridi, chapati inakauka kabla ya kuiva. Kikiwa moto sana, nje imeungua na ndani ni mbichi.

Hiyo ni chapati moja. Mama wa kibanda anapika hata mia moja, zote saizi moja, huku akikupimia madondo na kukurudishia chenji, na anakumbuka kwamba wewe hutaki pilipili. Chukua wote waliosema "si ni chapati tu", mpe kila mmoja donge moja na kifimbo cha kusukumia. Utapata ramani ya kila nchi ya Afrika Mashariki, na pengine Somalia iwe mbili.

Mama fua na roboti

Hapa ndipo "tu" huwa na dharau kabisa. Mtu ana nguo za wiki tatu, shuka mbili, jinzi nne, na lile blanketi zito. Mama fua anamwambia mia nane. Anajibiwa, "Mathe, hizi ni nguo kidogo tu. Chukua mia nne."

Tupige hesabu ya maji peke yake. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Kama bomba liko chini na wewe unaishi ghorofa ya nne, na kazi ni ya mitungi mitano, huyo mama amepandisha kilo 100 kwa ngazi kabla ya kugusa sabuni. Halafu anachambua: nyeupe huku, zinazochuja huku, hii isikamuliwe, hii isianikwe juani. Anasugua kola na pindo. Anasuuza mara mbili. Anakamua blanketi lililolowa ambalo wewe huwezi hata kuliinua kutoka kwa beseni. Anaanika, na anaangalia kamba kwa sababu kwa ploti nguo hutembea.

Sasa nikupe habari itakayokushangaza. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM inayoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mashine ilimpiga binadamu kwa mchezo ambao sote tunauona ni wa watu wenye akili nyingi. Miaka 13 baadaye, mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanikiwa kufundisha roboti kukunja taulo. Ilikuwa hatua kubwa kweli. Unajua taulo moja ilichukua muda gani? Wastani wa karibu dakika 25.

Dakika 25, buda. Taulo moja, na imeshafuliwa na kukauka.

Mtaalamu wa roboti Hans Moravec alikuwa ameliandika hili jambo mwaka 1988: ni rahisi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima kwenye mitihani na michezo ya akili, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kushika vitu. Kujua kwamba hiki kitambaa kimejikunja hivi, na nikishika hapa kitaanguka vile, ni kazi kubwa sana kwa ubongo. Sisi hatuioni kwa sababu tunaifanya bila kufikiria. Kwa hiyo ukisema kufua na kukunja nguo hakuhitaji akili, umewapinga watu waliohangaika miaka mingi na mashine za bei ghali wakijaribu kukunja taulo.

Chenji yako ni ngapi?

Twende kwa makanga. Huyu tumemweka kwa kundi la watu waliokosa kazi nyingine. Sawa, shika kazi yake dakika moja.

Gari ni la abiria 14. Nauli mpaka mwisho ni 100 kwa sababu mvua imenyesha, wa kushuka njiani ni 50. Mama wa kiti cha nyuma ametoa 500, analipia watu watatu, wawili wanafika mwisho na mmoja anashuka njiani. Kabla hujamjibu, kijana wa dirishani anasema ametuma kwa simu na ujumbe haujaingia. Msichana anataka kushuka kwa stage ambayo mmeshapita. Mlango haujafungika vizuri. Mbele kuna polisi. Dere anapiga honi akitaka kujua kama twende.

Chenji ya mama ni ngapi?

Umeanza kufikiria, naona. Yeye ashatoa, ashafunga mlango, na anakumbuka kwamba wewe wa kofia bado hujalipa. (Ni 250, kama bado unahesabu.) Wengi wetu tulikaa darasani miaka 12 tukisema hesabu ni ngumu, na hapa kuna mtu anafanya hesabu akining'inia mlangoni.

Yule tunayempigia makofi

Tunajua vizuri sana kwamba kitu kinaweza kuonekana rahisi na kiwe kigumu. Tumeshaonyeshwa. Oktoba 2019 kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kama rekodi rasmi ya dunia kwa sababu ya vile mbio zilipangwa, lakini miguu ilikuwa yake. Ukimwangalia kwa runinga alikuwa ametulia, anatabasamu kidogo, kama mtu anayeenda kununua maziwa.

Toka nje sasa hivi. Pima mita 100. Kimbia kwa sekunde 17. Labda utaweza, wewe ni kijana. Sasa rudia mara 421 bila kusimama. Hiyo ndiyo ilikuwa kasi yake.

Hakuna Mkenya alisema "si ni kukimbia tu". Tulijua kwamba ule utulivu wa uso ulitoka kwa miaka mingi ya mazoezi kule Kaptagat, na tukampa heshima yake. Swali langu ni moja: kwa nini tunaona miaka nyuma ya miguu ya Kipchoge, lakini hatuioni nyuma ya mikono ya mama wa chapati? Wote wawili wanafanya kitu kigumu kwa uso uliotulia. Mmoja tunampigia makofi, mwingine tunamwambia apunguze bei.

Jipime mwenyewe

Kama bado unaona nimeongeza chumvi, fanya jaribio hili. Jiulize unaelewa kwa kiasi gani vile zipu inafanya kazi. Jipe alama kati ya 1 na 7. Zipu ya jinzi uliyovaa sasa.

Ushajipa? Sasa eleza, hatua kwa hatua, meno yanashikana vipi na kile kitelezi kinafanya nini.

Kimya.

Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walifanya jaribio kama hili na wakalichapisha mwaka 2002. Waliuliza watu kuhusu vitu vya kawaida, zipu, kufuli, choo cha kuvuta maji. Watu walijipa alama nzuri. Walipoambiwa waeleze, wakakwama, na walipoulizwa tena wakajishusha wenyewe.

Au fanya hii ya nyumbani. Soma namba yako ya simu kwa Kiswahili, kwa kasi ile ile unayoisoma kwa Kiingereza. Sifuri, saba... halafu unapunguza mwendo kama gari kwa matuta. Lugha yako mwenyewe, namba yako mwenyewe.

Maana yake si kwamba sisi ni wajinga. Maana yake ni kwamba kukiona kitu kila siku si sawa na kukijua. Umefunga zipu maelfu ya mara. Umekula chapati tangu ukiwa na meno mawili. Hiyo ya kula ndiyo unaijua.

Sasa, vile "tu" inakuumiza wewe

Mimi niliacha chuo, na tangu hapo nimesikia "wewe si uanze tu kabiashara" kutoka kwa kila anko, hata wale tunaonana kwa harusi peke yake. Na mifano yao ni ile ile: smokie na mayai. "Nunua tu trolley, simama kwa stage, watu watakula."

Haya, tuhesabu. Tuseme kila smokie inakuachia faida ya shilingi 10. Unataka shilingi 1,000 kwa siku. Lazima uuze 100. Ukisimama saa kumi, hiyo ni smokie moja kila dakika sita, kutoka asubuhi mpaka jioni, bila kwenda msalani. Hapo hujatoa gesi, hujatoa kachumbari uliyokata saa kumi na moja asubuhi ikabaki nusu ukaitupa. Hujatoa siku ya mvua. Hujalipa kanjo, na hujakimbia kanjo siku ambayo hujalipa. Hujakutana na mtu wa noti ya elfu moja anayetaka smokie moja saa moja asubuhi. Na kuna wenzako watatu kwa hiyo stage, mmoja ana sauti tamu na anajua majina ya watoto wa wateja wake.

Sisemi usiuze smokie. Kuna watu wamelipia wadogo wao shule kwa smokie. Nasema hao watu ni wafanyabiashara hodari, na yule anko anayesema "tu" hajawahi kuuza hata kiberiti.

Na hapa ndipo sumu iko. Ukiambiwa kitu ni kigumu na kikakushinda mwezi wa kwanza, unasema sawa, niliambiwa, wacha nijaribu tena. Ukiambiwa ni rahisi na kikakushinda, unaanza kujiuliza una shida gani. Vijana wengi wamekaa kwa keja zao sasa hivi wakiamini ni wavivu au hawana akili, kwa sababu walishindwa na kitu walichoambiwa kila mtu anaweza. Hawakushindwa na kitu rahisi. Walidanganywa kuhusu uzito wake.

Na iko hivyo hata kwa mambo yasiyo ya pesa. "Mwambie tu pole." Jaribu kumwambia babako pole mkiwa hamjaongea miezi minne. "Kataa tu." Jaribu kumkatalia rafiki anayekuomba pesa mara ya tano, na mama yake alikulisha ukiwa mdogo. "Acha tu kufikiria." Walai, ukipata mtu anayejua kufanya hiyo nitumie namba yake.

Kuhusu kazi yangu sitajitetea sana. Nitasema tu, na hii "tu" ni yangu nimeilipia, kwamba video ya dakika moja inaweza kula siku nzima: jirani anasaga kitu, boda inapita, mwanga unaondoka, sentensi moja inakataa kutoka mara kumi na nne.

"Lakini soko ndilo linaamua bei"

Najua kuna msee wa uchumi amenoa kidole. Atasema bei haitokani na ugumu, inatokana na wangapi wanaweza na wangapi wanataka. Mama fua wakiwa wengi, bei inashuka. Hakuna ubaya, ni soko.

Nakubali kwamba soko lipo. Lakini tusichanganye mambo mawili. "Wengi wanaifanya" si sawa na "ni rahisi". Wanawake wengi wamezaa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atasimama mlangoni mwa wodi aseme si ni kuzaa tu. Na mara nyingi wanaofanya kazi hizi ni wengi kwa sababu wamekosa nyingine, si kwa sababu kazi ni nyepesi. Ukimpunguzia mtu bei kwa kuwa ana njaa, sema ukweli huo. Usijifiche nyuma ya "ni kazi kidogo tu".

Tena hata hilo soko lina sheria. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa kama Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya pesa za nyumba. Gawanya kwa siku 26 za kazi unapata kama shilingi 620 kwa siku. Hicho kilikuwa kima cha chini, yaani sakafu. Sasa mtu aliyefua tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni unampa mia nne na unamwambia ashukuru. Umeenda chini ya sakafu, uko kwa msingi unachimba.

Halafu kuna swali rahisi ambalo msee wa uchumi hupenda kuliruka. Kama ni rahisi, mbona hufanyi mwenyewe?

Kwa hivyo?

Sikuombi uanzishe maandamano. Naomba vitu vitatu.

Kwanza, uliza bei kabla kazi haijaanza, mkubaliane, na ulipe hiyo bei. Kupunguza wakati nguo zimeshakauka ni wizi wenye tabasamu.

Pili, ukiona bei ni kubwa, usibishane. Fanya mwenyewe mara moja, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Pandisha hayo maji. Kamua hilo blanketi. Jioni, mgongo wako utakwambia kama mia nane ni nyingi.

Tatu, ukishindwa na kitu ambacho wote wamesema ni rahisi, kabla hujajitukana angalia nani alikwambia hivyo. Ashakifanya? Mara ngapi? Kama hajawahi, hayo si maoni, ni upepo. Mtafute anayekifanya kila siku umuulize ni nini kilimsumbua mwanzoni. Atakwambia orodha ndefu, na utaona jina la shida yako ndani yake.

Jumamosi inakuja. Mama fua atabisha mlango, ataangalia lile rundo, na atataja bei. Mwambie, "Sawa mathe." Halafu usiongeze neno.